Kwa Nini Mama Hakwenda Zahanati?



Jioni ya leo napenda kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwa desturi sisi wanaume hatulizungumzi barazani. Ni habari ya mama mja mzito, na mtoto wake, na njia iliyo kati ya nyumba yao na zahanati. Huenda mtu akauliza, "Mwalimu huyu ana nini na mambo ya uzazi? Na awaachie wakunga." Jawabu langu ni fupi. Hakuna hata mmoja wetu ambaye hakuzaliwa. Tena mambo nitakayoyasimulia yalinifika mimi mwenyewe, katika nyumba ya ndugu yangu, na tangu siku ile nimejua ya kuwa ukimya wa wanaume una sehemu yake katika msiba.

Dada yangu mdogo aliolewa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Butiama, mbali kidogo na barabara ya lami itokayo Musoma kwenda Bunda. Mimba yake ya kwanza aliitunza kama alivyofundishwa shuleni. Alihudhuria kliniki, akapewa kadi, na uchungu ulipomshika usiku akaenda zahanati kwa miguu, akisindikizwa na wifi yake. Huko walimkuta muuguzi mmoja tu, aliyekuwa amekesha usiku wa pili mfululizo. Muuguzi akamwuliza, "Glavu ziko wapi? Wembe uko wapi? Umekuja mikono mitupu kama mgeni wa harusi?" Dada yangu alipolia kwa uchungu akaambiwa anyamaze, maana yeye si wa kwanza kuzaa duniani. Basi akajifungua salama mtoto wa kike, mzima kabisa. Asubuhi akarudi nyumbani na mtoto wake mgongoni, na pamoja na mtoto akarudi na lile neno.

Nataka mlikumbuke neno hilo, wasikilizaji wangu, maana halikufa. Lilikaa ndani ya moyo wake miaka 3, likingoja.

Alipopata mimba ya pili alikwenda kliniki mara moja tu, tena katika mwezi wa saba. Alipoulizwa sababu alisema, "Siendi tena kutukanwa." Mama mkwe wake akamwunga mkono. Msidhani ya kuwa yule mama alikuwa mjinga au mkatili. Yeye mwenyewe alizaa watoto 9 nyumbani mwake. Mkunga wake alikuwa jirani aliyemjua tangu ujana, aliyemshika mgongo, akamkorogea uji wa ulezi, akalizika kondo la nyuma mahali pake kwa heshima. Kati ya watoto wale 9 alizika 3, naye akahesabu kuwa ni amri ya Mungu, kwa kuwa hakuna mtu aliyepata kumwambia ya kuwa yako mambo mengine yawezayo kuzuilika.

Uchungu ulianza wakati wa masika, katika siku za giza la mwezi, ambazo wavuvi wa dagaa hukaa ziwani na taa zao. Mumewe alikuwa huko. Mtoto alizaliwa alfajiri, wala hakulia. Ndipo damu ya mama ikaanza kutoka, isikome. Mama mkwe akatuma mtu kwa kaka mkubwa wa yule mume, ili apate ruhusa na fedha. Kumbe huyo naye alikuwa ameondoka usiku kwenda mnadani kuuza ng'ombe. Saa 2 zikapita hivi hivi. Mwisho jirani mmoja hakungoja tena ruhusa ya mtu. Akafunga ng'ombe wake katika mkokoteni, wakamlaza mgonjwa juu ya majani, wakakokotwa katika matope hata barabarani, na huko wakapata lori lililopakia mchanga. Hospitalini aliongezewa damu ya watu wawili, na mmoja wao ni mimi ninayesema nanyi. Dada yangu alipona. Mtoto tulimzika jioni ile ile chini ya mwembe.

Tangu siku hiyo nimejiuliza mara nyingi: ni nani aliyesababisha kifo cha mtoto yule? Je, ni mama mkwe? Ni mume aliyekuwa akitafuta riziki? Ni kaka aliyekwenda mnadani? Ni muuguzi aliyechoka? Ni barabara? Hebu tuliangalie jambo hili polepole, kama watu wanaotafuta mahali penye ufa katika ukuta.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliandika ya kuwa mama mzazi hufa kwa sababu ya kuchelewa, na kuchelewa huko ni kwa namna 3. Kwanza ni kuchelewa kuamua: watu wa nyumbani hawatambui hatari, au wanaitambua lakini wanangojea ruhusa. Pili ni kuchelewa kufika: njia ni mbovu, chombo hakuna, nauli haipo. Tatu ni kuchelewa kupata huduma baada ya kufika: muuguzi ni mmoja, dawa imekwisha, damu haipo. Nanyi mwajua ya kuwa mama atokwaye na damu nyingi baada ya kujifungua aweza kufariki katika muda wa saa 2. Kifafa cha mimba nacho hakingoji, wala mtoto aliyekwama hangoji. Subira yavuta heri katika mambo mengi, lakini hapa subira huvuta jeneza.

Hayo waliyoandika wataalamu ni kweli. Walakini kisa cha dada yangu kimenifundisha jambo moja zaidi, nalo ndilo kiini cha maneno yangu ya leo. Kuchelewa kwa tatu huzaa kuchelewa kwa kwanza. Mama aliyepokewa vibaya leo ataamua vibaya kesho. Wala hataamua peke yake. Atawasimulia wenzake kisimani, nao watawasimulia binti zao. Kwa hiyo tukimwona mwanamke amekaa nyumbani na mimba yake, tusiharakishe kusema, "Huyu hataki maendeleo." Yatupasa kwanza kumwuliza, "Ulipokwenda mara ya mwisho, ulipokewaje?"

Huenda mtu akadhani ya kuwa hofu ya hospitali ni ugonjwa wetu sisi watu wa vijijini tu. Si hivyo. Katika mji wa Vienna, huko Ulaya, palikuwa na hospitali kubwa yenye wodi mbili za wazazi. Moja ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ilikuwa ya wakunga. Wanawake maskini wa mji ule waliomba kwa machozi wasipelekwe katika wodi ya madaktari, maana walijua ya kuwa huko watu hufa zaidi. Wakubwa walisema ni upuzi wa wanawake. Lakini daktari mmoja, Ignaz Semmelweis, hakuwacheka. Alitafuta sababu, akagundua ya kuwa madaktari walitoka kupasua maiti wakaja kuwazalisha wanawake bila kutakasa mikono yao. Mwezi wa Aprili mwaka 1847 walikufa wanawake kama 18 katika kila 100. Katikati ya Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji yenye dawa ya klorini, na mwezi wa Juni wakafa kama 2 tu katika kila 100. Basi wale wanawake hawakuwa wajinga. Waliona ukweli kabla ya wakubwa wao, ila hawakuwa na mtu wa kuwasikiliza. Tena madaktari wengi wa wakati ule walikataa kumwamini Semmelweis, kwa kuwa ni vigumu mtu msomi kukubali ya kuwa mkono wake umeleta madhara. Ukaidi si mali ya mwanakijiji peke yake.

Sasa tuiangalie nchi yetu. Yako mambo mema, wala si haki kuyaficha. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka mwaka 1973, redio ilipoendesha mafunzo yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ukaanzishwa mpango wa taifa wa chanjo. Na hapa Musoma, mwezi wa Novemba mwaka 1974, lilipitishwa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto apate elimu ya msingi. Wasichana waliosoma kwa ajili ya azimio lile ndio mabibi wa leo, nao waweza kuisoma kadi ya kliniki bila kuomba msaada wa mtu.

Matunda yake yanaonekana. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2004 na 2005, wazazi waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa 47 katika kila 100. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 81. Vifo vya wazazi vilihesabiwa kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016. Katika ule wa mwaka 2022 vilikuwa 104. Hii ni nafuu kubwa sana. Lakini hesabu ni hesabu, na mama ni mama. Wale 19 waliobaki katika kila 100 ni akina nani? Mara nyingi ni wale wakaao mbali, wenye fedha chache, na wale ambao neno baya limekaa mioyoni mwao. Na ulimwenguni kote, mwaka 1 tu wa 2023 walifariki yapata wanawake 260,000 kwa sababu za mimba na uzazi, yaani zaidi ya 700 kila siku.

Hapa kwetu mkoani Mara kila mahali pana shida yake. Mtu akaaye katika kisiwa cha Rukuba hawezi kuondoka kabla hajautazama upepo wa ziwa. Watu wa Bunda walio karibu na mbuga ya Serengeti huogopa kutembea usiku kwa sababu ya tembo waingiao mashambani. Watu wa udongo mweusi, mvua ikinyesha, baiskeli hubebwa na mwenyewe badala ya kumbeba. Kwa hiyo safari ya uzazi haifai kupangwa usiku ule uchungu ulipoanza. Yafaa ipangwe mapema, kama vile mkulima anavyotengeneza jembe lake kabla ya mvua.

Basi, nisiwachoshe. Napenda sasa kusema neno moja kwa kila mmoja wetu.

Kwanza ninyi waume. Mke wako akikwambia ni mja mzito, msiufiche ujauzito mpaka mwezi wa sita kwa kuogopa kijicho cha jirani. Katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ni wanawake 24 tu katika kila 100 waliohudhuria kliniki mara ya kwanza kabla mimba haijafika mwezi wa nne. Mapema ndipo huonekana upungufu wa damu, shinikizo la damu, na magonjwa yawezayo kumwambukiza mtoto, na dawa ipo. Nenda naye, ukae kwenye benchi pamoja na wanawake; hutapungua kimo. Tena weka akiba kidogo kidogo, na kabla hujaondoka kwenda ziwani au mnadani, sema mbele ya mashahidi: "Mke wangu akishikwa na uchungu nisipokuwapo, asingojewe mtu. Aende." Maneno hayo machache ni ruhusa, nayo yangeliokoa saa 2 katika nyumba ya dada yangu.

Pili ninyi mama zetu na mama wakwe. Heshima yenu ni kubwa katika nyumba, na mkisema "nenda," mwali atakwenda. Hatusemi ya kuwa mliyoyajua ninyi ni bure. Uji wa ulezi ni mzuri, mkono wa mgongoni ni mzuri, na mzazi asiachwe peke yake. Lakini mkono wa mkunga wa jadi, ingawa una huruma, hauna dawa ya kukaza mji wa uzazi ili damu ikome, wala hauna damu ya kumwongezea mzazi. Basi mkunga na awe msindikizaji. Na aende pamoja na mzazi hata mlangoni, amtie moyo, na watu wamshukuru kwa kazi hiyo kama walivyomshukuru kwa ile ya zamani.

Tatu ninyi wauguzi, ndugu zetu. Najua ya kuwa mnakesha, tena mara nyingi mmoja anafanya kazi ya watu watatu. Muuguzi wa dada yangu hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyechoka. Walakini maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na maneno mabaya humrudisha mama msituni. Huko wilayani Rorya, jirani zetu, wauguzi walipata kukaa pamoja katika mafunzo, taarifa yake ikachapishwa mwaka 2018. Waliulizana: kwa nini nilichagua kazi hii? Wanawake wanaonionaje? Ni nini kinachonizuia kuifanya vizuri? Maswali hayo ni mema hata kwa sisi walimu. Na mama akiomba apewe kondo la nyuma alizike kwao, msimcheke. Ulizeni kama yawezekana bila hatari, na kama haiwezekani, mwelezeni sababu kwa upole.

Nne ninyi viongozi wa vijiji. Viko vijiji katika nchi yetu vilivyoweka faini kwa mama azaaye nyumbani. Nia yao ni njema, lakini fikirini matokeo yake. Mama aliyezaa njiani au nyumbani kwa bahati mbaya ataogopa faini, kisha atamficha mtoto wake. Mtoto aliyefichwa hapati chanjo ya kifua kikuu wala ya kupooza anapozaliwa, wala zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, wala ya surua katika mwezi wa 9. Hivyo faini ya siku moja humtoza mtoto maisha yake. Ni afadhali fedha na nguvu hizo ziwekwe katika kutengeneza njia, na katika kumkumbusha kila mtu namba ya simu 115. Huo ni mpango uitwao m-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 ukazinduliwa ili uenezwe nchi nzima. Mtu hupiga simu bila malipo, huulizwa hali ya mgonjwa, na kama gari la wagonjwa haliko karibu hutumwa dereva wa hapo hapo aliyekubaliwa, naye hulipwa na mpango wala si na mgonjwa. Andikeni namba hiyo kwa chokaa juu ya mlango wa ofisi ya kijiji.

Na ninyi wanafunzi, kazi yenu ni kusoma kwa sauti. Kadi ya kliniki iliyomo nyumbani mwenu, isomeni pamoja na mama. Mwambieni tarehe ya kurudi. Ninyi mwaweza kuwa macho ya nyumba nzima.

Sasa namaliza kisa changu. Mwaka juzi dada yangu alipata mimba ya tatu. Safari hii mama mkwe wake ndiye aliyekwenda naye kliniki tangu mwezi wa tatu. Yule bibi alikuwa na kopo la kahawa tupu, akalitoboa kifuniko, na kila siku ya soko akatumbukiza sarafu chache humo, akisema ni nauli ya mjukuu. Juma moja kabla ya siku iliyotarajiwa walikwenda wote wawili wakakaa kwa jamaa yetu aliye karibu na hospitali. Siku ya kujifungua muuguzi aliyempokea alikuwa kijana sana, binti wa juzi tu. Akamwuliza dada yangu jina lake, akamwita kwa jina hilo, akampa maji. Mtoto wa kiume alizaliwa saa 4 usiku, akalia kwa sauti kubwa hata bibi yake aliyekuwa nje akamsikia.

Nilipofika kuwatazama nilimwuliza dada yangu kama bado ana uchungu na yale maneno ya zamani. Akanijibu, "Kaka, safari hii waliniita kwa jina langu." Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza zaidi. Lile kopo bado liko nyumbani, juu ya kabati. Bibi yake mtoto ameanza kulijaza tena, kwa ajili ya mke wa mwanawe mdogo.

Wasikilizaji wangu, na ninyi mtakaosoma maneno haya kijitabuni, katika nyumba yenu, je, kopo hilo lipo? Na ruhusa imekwisha kutolewa? Yazungumzeni hayo usiku huu kabla taa haijazimwa.

Kwa herini.